Mvua ya Meneja

Dobi hakuwa na heshima hata chembe kwa mtu anayepima mvua kwa kuchungulia dirishani. Yeye alikuwa amekimbizana nayo miaka ishirini, akianua mashuka ya watu. Kwa hiyo watafiti wa hali ya hewa walipoomba wanafunzi wapime mvua nyumbani kwa rula na chupa iliyokatwa, alimwambia binti yake, "Mwanangu, andika unachokiona. Pasipo na tone, andika sifuri."

Wazazi walipoitwa shuleni, jirani yao meneja alijitutumua, akasoma vipimo vya mwanawe kama anahutubia taifa. "Jumanne, milimita kumi na mbili!"

Dobi akabetua mdomo. "Jumanne nilianika mashuka arobaini, yakakauka kabla ya saa sita. Hiyo mvua ilikunyeshea sebuleni, baba?"

"Wewe nenda kafue. Sayansi tuachie wasomi."

Mwalimu akaomba kuona chupa za kupimia. Ya binti wa dobi ilikuwa imekatwa shingo na kuchafuka matope. Ya mtoto wa meneja ilikuwa nzima, inang'aa, kizibo kimekazwa.

"Haya, msomi," dobi akasema, "mvua yako iliingilia wapi?"