Jina la Sabina Nililolimeza Makusudi

Nimekosa, na kosa lenyewe si la kusahau. Ningefurahi sana kama lingekuwa la kusahau, maana mtu wa umri wangu akisahau anahurumiwa na kupewa uji. Mimi nilikumbuka vizuri kabisa, nikanyamaza.

Jina langu msiliandike. Nacheka mwenyewe nikisema hivyo, kwa sababu hapa Heru Juu mimi ndiye mtunza majina ya watu wote, halafu leo langu nalificha.

Nilivuka kuja Tanzania nikiwa msichana, mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani. Vitu vyetu vingine tuliviacha mlimani, lakini majina hayana uzito, nikaja nayo. Nani mtoto wa nani, nani aliolewa wapi, nani alizaliwa miguu ikitangulia. Kwetu Burundi baba na mtoto hawatumii jina moja, kila mtu ana lake. Sasa mtu aliyezaliwa huku, wazazi wake wameshakufa, akitaka kwenda kuwatafuta ndugu, anaanzia wapi? Anaanzia kwangu.

Wanakuja Jumapili baada ya ibada, kutoka Nyakitonto, kutoka Kagerankanda, siku hizi mpaka Kibondo. Ni raia wa hapa, wana maduka na mashamba yao, lakini moyo unawavuta waone baba zao walikozaliwa. Wananiletea sukari au sabuni. Namkalisha mtu, namuuliza: mlima gani, babu yako nani, mlikaa juu au bondeni? Halafu nampangia safari yake. Umsalimie nani kwanza. Ubebe chumvi na kitenge, mchele uache, watadhani umewaona wana njaa. Na siku ya kwanza usilitazame shamba kwa muda mrefu! Ukilitazama kama mtu anayehesabu hatua, watajua umekuja kudai ardhi, na chakula kitachelewa.

Ushauri mzuri, sivyo? Lakini mimi mwenyewe, tangu nivuke, sikuwahi kurudi hata siku moja. Mkamwana wangu Edina alikuwa ananitania kwamba nawaelekeza watu kuvuka mto kwa miguu penye mkuyu, na watu siku hizi wanapita darajani wakiwa juu ya pikipiki. Nilimjibu kwamba mkuyu bado upo. Nani angebisha?

Basi akaja Yeremia.

Ni mtu mzima, fundi seremala wa Kibondo, mpole, anaongea akitazama mikono yake. Alikuja na kitu amekifunga kwenye gunia. Akafungua. Lilikuwa jembe, limelika mpaka limebaki kama ulimi wa ng'ombe.

Akasema ni la babu yake. Baba yake, Mathiasi, alikimbia nalo, akalima nalo huku miaka yote, na kabla ya kufa akamwagiza alirudishe nyumbani, amkabidhi mtu wa damu yao anayelijua. Yeremia hakutaka shamba wala urithi. Alitaka mtu mmoja tu wa kwao alishike lile jembe na kusema, ndiyo, wewe ni wetu.

Akaniuliza, "Bibi, kwa baba kuna aliyebaki?"

Hapo ndipo nilipokosa. Mtu alikuwepo! Dada yake Mathiasi, Sabina. Nilijua yu hai, kwa sababu kila anayekwenda kule anarudi na habari za mlima mzima. Na kila Muha na kila Mrundi anajua kwamba mtu akirudi kwa baba yake, anaanzia kwa shangazi. Shangazi ndiye anayemwingiza ndani. Bila yeye wewe ni mpita njia.

Nilimwambia Yeremia, "Kwa baba yako hawapo tena. Nenda kwa Pontiani, binamu yangu, atakupokea." Pontiani alihamia pale baada ya sisi kukimbia, hakujua Sabina ni dada wa nani.

Kwa nini? Naona aibu kusema. Mimi nilikuwa niolewe na Mathiasi. Mambo yalishafika kwa wazee, pombe ya ndizi imeshapikwa. Sabina akamwambia mama yake, Inamahoro, mbele ya wanawake kisimani, kwamba yule msichana ana mdomo, akija hapa atataja majina yetu yote mpaka ya mbuzi. Wanawake wakacheka. Inamahoro akafikiri siku mbili, wakamtafutia Mathiasi msichana mkimya.

Niliolewa kwingine, nikapata mume mwema, nikazaa, nikamzika. Lakini kile kicheko cha kisimani nilikitunza pamoja na majina yangu. Yaani bibi mwenye vitukuu, anamkasirikia mwenzake kwa maneno ya kisimani! Haya, chekeni.

Yeremia alikwenda, akarudi baada ya wiki mbili. Alifurahi. Pontiani alimpokea vizuri, alimchinjia jogoo, na jembe akalipokea kwa mikono miwili. Nikauliza amelifanyia nini. Yeremia akatazama mikono yake. Akasema mke wa Pontiani anapalilia nalo vitunguu, maana ni jepesi.

Nikanywa chai yangu.

Akanionyesha picha kwenye simu. Pontiani amenona. Wanawe hawa, namjua kila mmoja. Nyuma kabisa, karibu na migomba, kuna bibi amesimama na fimbo, shingo ndefu, amekaza jicho moja. Lile lingine lilikuwa jeupe.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, yule ni nani.

"Jirani tu," Yeremia akasema. "Alikuja akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia ni mtoto wa Mathiasi, nimetumwa na wewe, na wewe umesema kwa baba hakuna aliyebaki. Akaniomba alishike jembe. Alikaa nalo muda mrefu, Bibi. Akanirudishia, akaenda zake."

Yebabawe, ole wangu!

Mnaelewa alichoelewa Sabina? Mlima mzima unajua mimi sisahau jina la mtu. Yeremia angetumwa na mwingine, Sabina angesema mtu huyo kasahau. Lakini mimi? Kama mimi sikumtaja, basi Sabina aliona kwamba ni Mathiasi ndiye aliyekataa atajwe. Kwamba kaka yake alikufa huku akiwa amemfuta. Sifa yangu ndiyo iliyomuumiza.

Hapo ningesema. Yeremia alikuwa mbele yangu, simu mkononi. Sikusema! Nilimmiminia chai nyingine. Nikajiambia nitasema baada ya kuvuna maharage. Maharage yakavunwa, nikasema baada ya mahindi. Nilimkwepa mpaka kwenye msiba mmoja wa Kasulu, nikajificha nyuma ya wapishi, mimi mwenye goti bovu, nimechuchumaa nyuma ya sufuria la wali kama mwizi wa kuku.

Aliyenitoa ni Edina. Mtu mmoja alirudi kutoka kule na salamu, akasema bibi Sabina haoni tena, jicho lililobaki nalo limefunga. Nikaacha kula. Edina akanitazama, akasema, "Mama, wewe huwa huachi ugali kwa ajili ya mtu usiyemjua."

Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alitikisa kichwa, akaenda kuniandalia kitenge cha safari kabla sijasema kama nakwenda.

Kumwambia Yeremia kulikuwa kugumu kuliko kuvuka. Nilipanda basi mpaka Kibondo, nikamkuta karakanani akipiga randa. Nilipomaliza kusema, aliendelea kupiga randa ule ubao mpaka ukawa mwembamba, haufai tena kwa kazi yoyote. Halafu akasema, "Aliniona, Bibi. Alikuwa anaona bado."

Nikamwomba tuvuke pamoja.

Tulikata hati ya safari, tukapitia Mabamba. Afisa wa mpakani akaniuliza nimewahi kuvuka kabla. Nikasema ndiyo, ila wakati ule hatukupiga foleni. Akacheka, akagonga muhuri. Daraja nililiona. Mkuyu sikuuona, na Yeremia alinitazama kwa pembeni, nikajua Edina ameshamsimulia.

Tulianzia kwa Pontiani kuchukua jembe. Lilikuwa na tope la vitunguu. Yeremia akalipangusa kwa shati lake.

Kwetu huingii uani kwa mtu hivi hivi. Unasimama nje unaita jina la mwenye nyumba. Nikasimama. Miaka yote ile sikulitamka, hata peke yangu nikipalilia. Nikaita, "Sabina."

Kimya. Lakini nilimwona, ameketi mlangoni anachambua maharage kwa vidole.

Nikaita tena. Kimya. Nikaita mara ya tatu, kwa sauti, majirani wakatoka.

"Nimesikia tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa nataka kujua kama unaliweza."

Nikapiga magoti, pamoja na goti langu bovu, nikamwambia kwamba kaka yake hakumfuta. Kwamba kabla ya kufa aliagiza jembe lirudi kwa mtu wa damu yake, na aliyelimeza jina ni mimi, kwa ajili ya kisima. Akasikiliza. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo na bado haamini kwamba ameutua.

Akanyoosha mikono. Yeremia akasogea. Alimshika kichwa, akashuka kwenye masikio, akacheka.

"Haya ni masikio ya Mathiasi. Siku ile niliyaona, nikajikataza." Kisha akalishika jembe, akapitisha kidole palipolika. "Na hili ni la baba. Ingia ndani, mwanangu."

Yeremia akaingia. Fundi mzima, alilia mpaka akaegemea ukuta.

Mimi nikabaki uani, nimepiga magoti. Hakuna aliyeniambia nisimame. Baadaye sauti ikatoka ndani: "Na wewe, nilisema utataja majina yetu yote mpaka ya mbuzi. Haya, taja. Watoto wa nyumba hii wasikie."

Nikataja. Ntirampeba, baba yao. Inamahoro, mama yao. Babu zao watatu, shangazi zao, watoto waliokufa wachanga ambao hakuna mwingine anayewakumbuka. Wajukuu wa Sabina walikuja wakakaa, mmoja akawa anaandika kwenye daftari. Nikafika kwa mbuzi. Bihogo. Gaju. Na yule wa pembe moja aliyekula kitenge cha Inamahoro, ambaye hakuwa na jina.

"Alikuwa na jina," Sabina akasema.

Nikahesabu mbuzi upya kwa vidole.

"Alikuwa na jina, wifi. Wewe hukuambiwa tu."

Nilimwomba aniambie. Nilimbembeleza siku tatu nilizokaa, nikimchambulia maharage. Akakataa! Akasema nikitaka kulijua nirudi mwakani, miguu yangu ikiwa bado inatembea.

Basi ninyi mnaowashauri wasafiri, na siku hizi mko wengi, mpeni mtu majina yote. Mpeni na la yule aliyewakataa, na la yule aliyewacheka kisimani, hasa hilo. Mkimpunguzia mtu jina moja tu, mmempunguzia nyumba nzima, na kuna mtu kule anakaa mlangoni akidhani amefutwa. Msisubiri maharage yavunwe. Macho hayasubiri.

Yeremia ameshakwenda tena mara mbili. Wageni wangu wa Jumapili wamepungua, na waliobaki wananiuliza, kwa adabu lakini wananiuliza, "Bibi, ni hao tu?"

Nami hati yangu nimeiweka chini ya mto wa kulalia. Nalala nikijiuliza yule mbuzi aliitwa nani.