Mfongo Uliokataa Kujibu

Nilirudi Moshi kutoka Norwei mwanzoni mwa miaka ya themanini nikiwa na makoti mawili mazito yasiyo na kazi, na elimu ambayo nayo haikuwa na kazi. Nilikuwa nimesomea kuandika programu za kompyuta, tena si kwa mtindo wa zamani wa kupanga amri moja chini ya nyingine, bali kwa mtindo mpya uliozaliwa kwenye baridi ile: unaigawa kazi katika vitu, kila kitu kinatunza habari zake chenyewe, na vitu vinatumiana ujumbe. Chuo kikanipa wanafunzi tisa, ubao na boksi la chaki. Kompyuta haikuwapo.

Iliyokuwapo ilikuwa Dar es Salaam, kwenye ofisi moja ya serikali, imefungiwa kama mwali. Tungeweza kupewa saa mbili kwa wiki kama Mkuu wa Chuo angetia sahihi barua ya maombi. Barua nilishaipiga chapa mwenyewe, nakala tatu, nikampelekea.

"Nionyeshe kwanza inamsaidia nini mwananchi," Mkuu aliniambia. "Ijumaa ijayo. Nikiridhika, nasaini."

Niliitaka sahihi ile kuliko sukari, na wakati ule tulikaa jirani na mashamba ya miwa huku tukinywa chai chungu.

Nilifundisha kwa Kiswahili, kwa sababu siasa ilidai hivyo na kwa sababu mimi ni mkaidi. Kwa Kizungu, kundi la vitu vya namna moja huitwa kwa neno lile lile la darasa la shule. Nikatafsiri hivyo hivyo bila kufikiri, na juma zima nikaulizwa ng'ombe yuko darasa la ngapi. Ndipo nikakumbuka ngeli. Ngeli kila mmoja aliijua, alishachapwa viboko kwa ajili yake. Kihamba ni ngeli, nikasema, na kihamba chenu pale nyumbani, na migomba yake na kahawa yake, ni kitu kimoja cha ngeli hiyo. Wakaelewa siku ile ile, nami nikajiona bingwa.

Kwa ajili ya Mkuu nilichagua zamu za maji. Huku mlimani maji ya mto huteremshwa kwa mfereji tunaouita mfongo, na kila kihamba kina siku yake ya kumwagilia. Kwa kuwa mashine hatukuwa nayo, wanafunzi wenyewe wakawa vitu, na ujumbe ukawa vipande vya karatasi. Saba walikuwa Vihamba, mmoja akawa Kalenda. Wa tisa, mzee wa miaka hamsini na kitu, karani wa Mwika aliyetumwa kusoma na chama chake cha ushirika, nilimfanya Mfongo. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mrefu.

Jumatatu tukafanya mazoezi. Binti mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Singida kufanya kazi kwenye miwa, alimpelekea mzee karatasi: TOA MAJI. Mzee akaisoma. Akatazama dirishani.

"Mzee, umepata ujumbe," nikamkumbusha.

"Nimeupata."

"Basi jibu."

"Hii siwezi kuijibu, mwalimu."

Nikadhani ni mambo ya shikamoo. Nikadhani anamsubiri binti amwamkie kwanza, na Ijumaa inakuja mbio. Uvumilivu ukaniishia. "Mzee wangu, hapa hatuamkiani! Hapa wewe si mtu, wewe ni kitu tu!"

Mzee akaikunja ile karatasi, akachukua kofia yake, akasema, "Asante, mwalimu," akatoka. Jumanne hakuja. Jumatano pia hakuja.

Nyumbani Rau mama yangu aliniuliza mara tatu, kana kwamba sikusikika. "Umemwita mtu mzima kitu?"

"Ni istilahi tu, mama."

"Istilahi yako kaile." Akaenda mwenyewe kwenye uzio akakata jani la isale. Kwetu, anayekuja na isale kuomba radhi hafukuzwi. "Nenda, na huo mdomo uuache hapa hapa."

Alhamisi nikapanda Mwika. Nilimkuta mzee akipogoa kahawa. Nikamwamkia, nikamkabidhi jani kwa mikono miwili, nikiwa nimeona haya mpaka masikioni. Alilipokea, akacheka kidogo.

"Ulidhani nilinuna kwa sababu ya hicho kitu?"

"Hukukasirika, mzee?"

"Nilikasirika sana. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Yule binti ameniletea karatasi inasema toa maji. Mfongo hauombwi maji, mwalimu. Mfongo unapitisha tu. Ukimjibu kila anayeomba, wa kule chini atapata nini? Anaombwa mzee wa mfongo. Yeye ndiye anajua leo ni ya nani, yeye ndiye anasema fungua. Mimi uliniletea ujumbe usio wangu, ningejibu nini?"

Nilisimama pale kwenye mibuni nimefadhaika. Miaka mitatu kwenye theluji maprofesa walinihubiria jambo hilo hilo: usikiulize kitu swali ambalo si kazi yake. Nilifaulu mtihani wake, tena vizuri. Nikashuka mlimani nikijitukana kwa lugha tatu.

Ijumaa tulipanga upya. Kalenda akaondolewa, akawa Mfongo. Mzee akawa mzee wa mfongo. Mkuu aliketi nyuma na Kaunda suti yake, amekunja uso. Karatasi zikaanza kutembea, maombi yakapokelewa, zamu zikafuatana. Binti wa Singida akaomba kabla ya siku yake, akajibiwa asubiri Jumanne, akasubiri. Kisha nikamwelekeza Kihamba wa juu aibe maji, tuone. Mkuu, ambaye alikuwa na kihamba chake na jirani yake wa juu, akashindwa kujizuia.

"Huyo mwizi! Mfungieni!" Akaandika karatasi yake mwenyewe kudai maji, akaipeleka mbele.

Mzee akaisoma kwa utulivu. "Zamu yako bado, Ndugu Mkuu."

Mkuu akarudi kuketi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Tulipomaliza alinishika mkono kwa nguvu. "Hakuna hata kosa moja?"

"Hata moja," nikasema, kifua mbele.

Akatoa mfukoni ile barua yangu, nakala zote tatu. Nikamnyooshea kalamu. Akaisoma tena polepole hadi mwisho.

"Sasa, mwalimu, kama hawa wanaweza hivi, kompyuta ya Dar ya nini?" Akaigeuza, akanirudishia. "Karatasi ni adimu. Nyuma huku kweupe, mtaandikia ujumbe wenu."

Nilitaka kulia, na nilitaka kumkaba. Mzee, ambaye hakuwahi kuona kompyuta maishani mwake, akazipokea zile nakala mkononi mwangu na kuniuliza kwa upole kama azikate vipande vinne au vinane.