Kikombe Alichokikataa Mke Wangu

Mke wangu ni fundi wa maabara, na kwa ubishi hana mpinzani. Ukimwambia mvua inanyesha, kwanza atatoa mkono dirishani. Mimi nilishamzoea. Mama yangu ndiye aliyeshindwa.

Mama huchemsha majani ya mmea wa uani kwetu, akayachuja, akanywa maji yake kwa ajili ya magoti. Kiwanda kimoja cha vyakula vya afya kikataka kuyauza madukani, ila kwanza yapimwe kama hayavunji vinasaba. Kwa bahati, au kwa balaa, chupa ikapelekwa maabara ya mke wangu.

Mke wangu naye magoti yalimtesa kwa kusimama kutwa. Kila jioni mama alimwekea kikombe, na kila jioni kilirudi kimejaa.

"Kwani nitakulisha sumu, mwanangu?"

"Hapana, mama. Kikiniponya nitakipendelea, na mimi ndiye ninayekipima."

"Chema chajiuza," mama akasema, akanuna. Tangu hapo hata chumvi waliombana kupitia kwangu.

Mke wangu alikuwa amemwambia mkubwa wake kwamba chupa ni ya mama mkwe, basi lebo za vioo vyote vya darubini zikafunikwa kwa plasta, asijue kipi ni kipi. Vioo vingine vilikuwa na seli zilizotiwa maji matupu, vingine sumu inayojulikana, vingine majani ya mama. Siku niliyompelekea chakula alinichungulisha kwenye darubini. Seli iliyovunjwa vinasaba hubakisha kipande nje ya kiini chake, kama punje ya wali iliyodondoka kando ya sahani.

Kioo kile kilijaa punje.

"Ni cha mama?" nikauliza.

"Sijui." Akaandika alichokiona, bila kupunguza hata punje moja. Nilimheshimu siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Plasta zilipobanduliwa, kioo kile kilikuwa cha sumu. Vya mama havikutofautiana na vya maji.

Jioni aliingia jikoni akichechemea. Mama hakugeuka.

"Mama, naomba kile kikombe changu."

Mama alimkodolea macho, kisha akammiminia. Mke wangu akanywa, uso ukamkunjamana.

"Mbona chungu hivi!"

"Na kama ungekuta ni kibaya?" mama akauliza polepole.

"Ningekuja mbio kumwaga chako."

Mama akafuta macho kwa upindo wa kanga, akamsogezea sukari.