Mjukuu Wangu Alizikwa Bila Maombi, Sasa Wananiita Nikawapikie

Hamjambo nyote mnaosoma hapa. Admin, tafadhali nifiche vizuri, kwa sababu kanisa letu ni dogo na kila mtu anajua hata kikohozi cha mwenzake. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, naishi upande wa Shinyalu, nimeolewa na nina watoto watatu. Majina nitakayotaja si ya kweli.

Kanisa letu ni la Kimethodisti, la mabati, liko karibu na mashamba ya majani chai. Mchungaji anahudumia makanisa mengi, kwa hivyo huku tunamwonanga mara moja moja. Jumapili zingine wahubiri wa hapa ndio wanasimama. Mimi si mhubiri. Mimi napika. Tangu niolewe, Pasaka ikifika na mvua inanyesha, ni mimi nawashanga moto alfajiri ili watu wakitoka ibada wapate chai. Sikukuu ya mavuno, watu wakileta mahindi, ndizi na kuku mbele ya madhabahu, ni mimi nasonga obusuma, yaani ugali, ya kanisa zima. Krismasi ni mimi. Matanga ya mshirika yeyote ni mimi. Sikuwahi kulalamika. Nilijua hawa ni watu wangu.

Mwaka jana binti yangu wa kwanza, nimwite Mercy, alirudi kutoka chuoni akiwa mjamzito. Kijana aliyempa mimba alizima simu. Mume wangu alinuna, hasemi na mtu, halafu jioni moja akaingia na shali ya mtoto ameinunua sokoni, tukajua yameisha. Lakini kanisani hayakuisha. Mwenyekiti wa umoja wetu wa akina mama, nimwite Mama Naomi, alimtoa Mercy kwaya mbele ya wenzake wote. Mtoto wangu akaacha kwenda kanisani.

Alijifungua wakati mahindi yanakauka shambani. Msichana. Akamwita Neema. Huyo malaika hakumaliza wiki. Alishikwa na homa, tukambeba kwa pikipiki kukimbilia hospitali, akakata roho mikononi mwangu kabla hatujafika.

Nilimpigia Mama Naomi nikilia, kwa sababu yeye ndiye alikuwa na namba mpya ya mchungaji. Nikamwambia, "Dada, nisaidie umwambie mchungaji. Na akina mama waje tumwombee huyu mtoto." Akasema sawa. Baadaye akanipigia: "Mama Mercy, mchungaji amesema ana shughuli. Na hata hivyo, huyo ni mtoto wa nje. Zikeni tu kimyakimya, msiaibishe kanisa."

Nilimwamini. Hakuna hata mama mmoja alifika. Kaburi lilichimbwa na mume wangu na jirani yetu Mwislamu, mtu wa Mumias anayeuza nguo hapa sokoni. Huyo ndiye alisimama na sisi, akainua mikono, akatuombea. Mercy hakulia. Alisimama tu ameikumbatia ile shali.

Wiki chache baadaye ikafika sikukuu ya mavuno. Mama Naomi akatuma watu wachukue sufuria kubwa kwangu, na ujumbe wake ukawa, "Mpishi naye asikose." Mtanicheka, lakini nilienda. Niliona nikibaki nyumbani nitakufa na mawazo. Siku hiyo mchungaji alikuwepo. Baada ya ibada akapita jikoni kutusalimia, akanishika mkono, akauliza akitabasamu, "Mama, nasikia Mercy alijifungua! Mjukuu hajambo? Tutambatiza lini?"

Mwiko ulinitoka mkononi. Nikamuuliza, "Mchungaji, si uliambiwa? Tulishamzika."

Alishtuka. "Niliambiwa na nani? Hakuna mtu aliyeniambia!"

Nikamgeukia Mama Naomi. Yeye aliinamia karai la mboga, akaendelea kuosha. Akina mama wengine wakarudi kwenye masufuria yao. Na baadaye nilikuja kujua kwamba baadhi yao walijua tangu mwanzo mchungaji hakupigiwa simu yoyote.

Kesho yake mchungaji alikuja nyumbani, akaomba msamaha kwa kosa ambalo hata si lake, akaombea kaburi. Mercy alijifungia ndani, akakataa kutoka. Mama Naomi hakukanyaga kwangu. Nilipokutana naye njiani nikamuuliza kwa nini, alinijibu, "Nilikuwa nalinda jina la kanisa." Tangu siku hiyo sikurudi tena kanisani. Krismasi nilisikilizia ngoma zao nikiwa jikoni kwangu.

Sasa juzi mume wa Mama Naomi amefariki ghafla. Wale akina mama walikuja kwangu wote kwa pamoja, wakipita njia ile ile ya kuja kwangu iliyowashinda kuiona wakati wa Neema. Wanasema waombolezaji ni wengi na hakuna mwingine anayeweza kupikia umati. Nikawaambia nitafikiria. Halafu yeye mwenyewe akapiga simu. Sauti imemkauka kabisa. "Mama Mercy, najua nilikukosea. Hata kusimama siwezi. Usiniache."

Nililia. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Mume wangu anasema niende, marehemu alikuwa mtu mzuri na hakutukosea chochote. Ni kweli. Ila Mercy alikuwa mlangoni nikiongea kwa simu. Hakupandisha sauti. Aliniambia tu, "Mama, ukienda kuwapikia hao, usirudi kuniambia mtoto wangu alikuwa mtu."

Mazishi ni Jumamosi. Sitaki kulipa ubaya kwa ubaya, Mungu anajua, lakini nimechoka kuwa Mkristo wa sufuria. Nyinyi mliowahi kuzika peke yenu, nishaurini: niende kwa huyu mjane, ama nikae na binti yangu?