Leseni ya Mama Mdogo na Trela la Mjomba

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mama mdogo alikuwa anaizunguka pikapu. Anapiga kila tairi kwa kisigino, anainama kuchungulia kama kuna mafuta yamedondoka, halafu anafungua mlango, anaketi, anakanyaga breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa. Akisharidhika ndipo anakuja jikoni kudai chai.

Mjomba alikuwa anamcheka. "Huyu dada yangu," alimwambia fundi wake wa mashine, "angemkagua mumewe hivyo asingeachika."

"Mume hana breki, kaka," mama mdogo alisema, akapuliza chai yake.

Mjomba na mama mdogo ni ndugu wa tumbo moja, na mama yangu mzazi alikuwa mkubwa wao. Mama alipofariki niliacha shule nikiwa darasa la tano, mjomba akanichukua. Ndoa ya mama mdogo ilipovunjika akamchukua na yeye, akatupatia chumba cha mabati nyuma ya yadi, ukuta mmoja na ghala. Yadi ni ya kukodisha mashine: jenereta, pampu za maji, mashine za kuchanganyia zege. Mjomba alikuwa na kila kitu isipokuwa leseni. Hakuwahi kujifunza kuendesha. Alisema mwenye gari kazi yake ni kukaa pembeni ya dereva.

Dereva ni mama mdogo. Leseni yake aliipata akiwa bado kwa mumewe, akijifunza saa ambazo mume yuko kazini. Aliiweka kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya sidiria. "Nyumba ilibaki kwake, vyombo vikabaki kwake," aliwahi kuniambia tukiwa tumelala. "Hii nilitoka nayo. Ikiniponyoka hii, mimi nitakuwa mtu wa kuombwa nifagie." Hakucheka alipolisema hilo, na mimi nikaliweka moyoni.

Halafu mjomba akanunua trela kubwa, la magurudumu manne, na kijiko, ile mashine ndogo ya kuchimba mitaro. Akaandikisha ubavuni mwa trela kwa rangi nyekundu: TUNAKODISHA MASHINE, PIGA SIMU. Akapata kazi ya kuchimba msingi wa jengo ng'ambo ya mto, ambako unafika kwa kushuka mteremko mrefu mpaka darajani.

Mama mdogo akainama akasoma kibati cha trela, kile kilichopigwa uzito wake kiwandani. Alivaa viatu vyake vizuri akaenda ofisi ya leseni kuuliza. Aliporudi alimkuta mjomba na fundi wamekaa juu ya matairi mabovu, mimi naosha sufuria bombani.

"Kaka, lile trela siwezi kulivuta."

"Limekukosea nini?"

"Leseni yangu ni ya gari dogo. Pikapu peke yake ni gari dogo. Ukiifunga trela kubwa kama lile, vinahesabiwa kitu kimoja. Wanachukua uzito wa mwisho unaoruhusiwa, ule ulioandikwa kwenye kibati cha gari, na ule wa kwenye kibati cha trela, wanajumlisha. Ukipita kiwango, inatakiwa leseni ya magari makubwa. Na sisi tunabeba kwa malipo, ndiyo hawacheki kabisa. Nikapimwe macho kwa daktari, nijifunze, nifanye mtihani wa kurudi nyuma na trela. Nipe nafasi nikafanye."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nifaulu."

"Kazi inaanza kesho!" Mjomba akamgeukia fundi. "Umesikia? Pikapu imegeuka lori."

Fundi ni mtu mwema, lakini hakuna jambo analoweza kuliacha bila kulifungulia bolti. Akakuna kidevu. "Kama shida ni uzito, si tunapunguza? Naitoa ile ndoo ya kijiko, chuma kizito kile. Itafuata safari ya pili."

"Haya, maneno hayo!" mjomba akasema.

"Fundi, kibati hakipungui," mama mdogo akasema. "Hata trela likiwa tupu, kibati ni kile kile."

"Sasa uzito usiokuwepo unapimwaje?" fundi akauliza, na kwa kweli alikuwa anauliza.

Mjomba akasimama. Sauti yake ikashuka, na ikishuka ndiyo mbaya. "Dada. Chumba unalala bure. Mtoto wa marehemu anakula kwangu. Nimekuomba safari moja. Moja tu."

Mama mdogo alinitazama mimi na sufuria yangu. Akaingia ndani.

Asubuhi aliizunguka pikapu, akalizunguka na trela. Fundi alikuwa ameshaitoa ndoo. Kijiko kilisimama juu ya trela kikiangalia mbele, mkono umekatika mwishoni kama mtu aliyevuliwa kiganja. Mama mdogo akakanyaga chuma cha kuungia trela, kikapanda kidogo na kushuka. Akakunja uso.

"Pua ya trela imekuwa nyepesi bila ile ndoo. Uzito wote umekwenda nyuma. Kisogeze kijiko mbele."

"Tumeshafunga minyororo, dada, tumechelewa," mjomba akasema. "Wewe Bubu, panda nyuma, utuangalizie trela."

Bubu ni mimi, kwa kuwa si msemaji. Nilikaa kiti cha nyuma, pikapu yetu ni ya milango minne, nimegeuka, magoti juu ya kiti, naangalia kupitia kioo. Barabara ya tambarare tulikwenda salama. Mjomba alipiga mluzi. Mama mdogo mikono yote miwili usukanini, shingo imekaza.

Mteremko ukaanza. Akashusha gia, injini ikanguruma. Nikaona trela limeenda kushoto kidogo, likarudi. Kulia, likarudi. Halafu likaenda zaidi, na safari hii matako ya gari letu yakafuata.

"Unaona nini?" mama mdogo akaniuliza.

"Linatikisa mkia."

Mluzi ukakatika. Gari likavutwa upande mmoja, nikabamizwa mlangoni. Lori lilikuwa linapanda mbele yetu, taa zimewaka mchana.

"Breki!" mjomba akapiga kelele. "Kanyaga breki!"

"Nikikanyaga linatupindua. Nyamaza."

"Kanyaga, utatuua!" Akanyoosha mkono kuushika usukani. Mama mdogo akamgonga kwa kiwiko kifuani, na sijawahi kumwona akimgusa kaka yake kwa ubaya kabla ya siku hiyo. Mguu aliutoa kwenye mafuta, usukani akaushikilia pale pale, haukati huku wala kule. Lori likapita, upepo wake ukatusukuma, nikaona mkono wa kijiko unapita karibu kabisa na kioo cha dereva wa lori. Trela likapiga mkia mara moja tena, likapunguza, likapunguza, likanyooka.

Tukashuka polepole mpaka chini. Na chini, kabla ya daraja, alisimama trafiki amenyoosha mkono.

Miwani yake ilikuwa imefungwa uzi kwenye sikio moja. "Leseni."

Mama mdogo akaitoa kwenye mfuko wa nailoni. Trafiki akaisoma, akaenda mbele ya trela, akainama, akafuta vumbi kwenye kibati kwa kidole gumba. Mjomba akaruka chini.

"Afande, gari ni dogo hilo. Na mzigo tumeupunguza, hata ndoo ya kijiko tumeiacha nyumbani."

"Hata mngebeba mito ya kulalia," trafiki akasema. "Nasoma kibati, sisomi mzigo. Hapa mmepita mbali. Mmekodiwa?"

"Aa, ni kama kumsaidia mtu tu."

Trafiki akatazama yale maandishi mekundu ubavuni, akamtazama mjomba. "Na namba ya simu ni ya kusaidia watu pia? Nani alimkabidhi gari dereva huyu?"

Mjomba akajifuta uso. "Mimi. Lakini mimi si dereva, afande, hayo madaraja ya leseni siyajui. Yeye aliniambia anayo. Dada yako wa damu akikwambia, utambishia?"

Nilimwona mama mdogo anafumba macho, anafumbua.

"Kama ulimdanganya mwenye gari," trafiki akamwambia, "leseni hii naondoka nayo, utakwenda kuieleza mahakamani." Akaanza kuiingiza mfukoni. Halafu akaniona dirishani. "Binti, wewe ulisikia nini nyumbani?"

"Muache mtoto," mama mdogo akasema. "Anakula kwake. Sikumdanganya. Nilimwambia jana, nikamweleza hesabu ya vibati mpaka mwisho. Lakini usukani nimeushika mwenyewe, hakunifunga kamba. Niandikie kosa langu na yeye mwandikie lake."

Trafiki akaipigapiga leseni kwenye kiganja. Akamwuliza mjomba, "Kama hukuambiwa habari ya uzito, ndoo mliitoa ya nini?"

Wakaandikiwa faini wote wawili. Leseni akamrudishia mama mdogo. "Gari dogo endesha. Nikikukuta tena na trela hili bila mtihani, hii huioni tena maishani. Lifungue, litabaki hapa mpaka aje dereva mwenye leseni yake."

Mama mdogo akaweka mawe kwenye magurudumu, akafungua mnyororo, akalitenga trela. Trafiki akavuka barabara kwenda kusimamisha magari mengine. Mjomba akamsogelea dada yake.

"Jioni huyu anaondoka," akanong'ona. "Tunaliunga tena, tunapita njia ya machimbo. Kule hakuna trafiki."

Mama mdogo akafuta mikono kwenye kanga. "Umesema nilikudanganya."

"Maneno ya barabarani hayo, dada! Unayaweka moyoni?"

"Nimekaribia kutuua pale juu, na trela lako lenye pua nyepesi. Sasa unataka nilivute gizani."

"Ukikataa, chumba kina watu wanakingoja."

"Wape."

Akaweka ufunguo juu ya boneti. Akaja dirishani kwangu, akanirekebishia kola. "Kaa naye," akasema. "Hajui hata kushusha kioo. Nikipata pa kulala wawili nitakutumia mtu." Leseni akairudisha kifuani, akaanza kutembea kuelekea darajani.

"Dada!" mjomba akaita. "Acha mchezo! Nani anaturudisha nyumbani?"

Akaingia upande wa dereva, akatafuta honi, akawasha vifuta kioo badala yake, vikaanza kukwaruza kioo kikavu. Mwishowe akaipata. Akapiga honi. Akapiga tena, akaikandamiza bila kuachia, mpaka trafiki akageuka kututazama. Mama mdogo alikuwa ameshafika katikati ya daraja, anatembea upande unaoyakabili magari. Alipolimaliza, basi moja likamsimamia upande wa pili wa barabara, akavuka, akapanda.