Paipu ya Baridi

Sauti ya lile gari niliisikia kabla ya kuliona, na mpaka leo nikiisikia sauti ya aina hiyo kwenye foleni ya Waiyaki Way nageuka kuitafuta. Ilianza kwa mluzi mwembamba, mluzi ukapanda, kisha dereva alipoinua mguu ikatoka pumzi moja kubwa, kama mtu aliyezuia chafya ikamshinda. Nilikuwa darasa la nne na tulikuwa tukikaa Uthiru. Anayedhani Nairobi ni mji wa joto hajaamkia Uthiru mwezi wa Julai. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka upande wa Kinoo na kulala juu ya mabati, moshi wa jiko la makaa ukakosa pa kwenda ukarudi ndani, na kila kitu, hata daftari za shule, kikanuka moshi na nyasi mbichi. Tulivaa sweta juu ya sweta, na Mama akatupaka mafuta usoni mpaka tukang'aa. Asubuhi moja ya namna hiyo ndipo Anko Kioko, ndugu mdogo wa Mama, alipoingia uani na gari lake lenye sauti hiyo mpya akipiga honi, ingawa mtaa mzima ulikuwa umeshamsikia.

Anko alikuwa kitinda mimba wa nyanya yangu wa Machakos. Alikuja Nairobi alipomaliza shule, akalala sebuleni kwetu, na ufundi akajifunzia katika gereji ya watu huko Kinoo, gereji ya kando ya barabara isiyo na ukuta wala paa la maana. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na mwenye maneno mengi kuliko Baba alivyopenda. Mimi nilimpenda bila kiasi. Gari lake, stesheni wagoni ya Kijapani ya rangi ya buluu, alilinunua likiwa limegongwa, akalifufua kipande kwa kipande. Lilikuwa na turbo. Alinieleza turbo ni nini tukiwa mezani, kijiko cha sukari mkononi: ni feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe, nayo ikizunguka inasukuma hewa nyingi ndani ya injini, na hewa nyingi ndiyo nguvu. Wiki hiyo alikuwa ameling'oa lile sanduku jeusi la plastiki ambalo injini huvutia hewa, na mahali pake akaweka paipu ya alumini aliyoikunja na kuichomelea mwenyewe, ikitoka nyuma ya bampa ya mbele, mdomoni ina chujio lililo wazi. Hewa ya baridi ni nzito, alisema, na injini huipenda. Watu wa gereji walikuwa wameshaipa jina, paipu ya baridi. Aliponifungulia boneti niitazame niliigusa ikaniunguza vidole. Nilivitia mdomoni nikaendelea kuistaajabia, wala sikujiuliza ni baridi gani hiyo inayounguza.

Jumamosi alinichukua kuijaribu. Tulipanda ule mlima wa kwenda Kinoo, ukungu ukiwa bado barabarani, akakanyaga akseleta. Kiti kilinipokea mgongo kwa nguvu ambayo sikuwahi kuihisi ndani ya gari hilo, na nilikuwa nimelipanda mara nyingi tangu Februari.

"Mwende, umeskia hiyo?"

"Nimeskia, Anko! Imenisukuma kwa mgongo!"

Alicheka mpaka akakohoa. Naomba hili lieleweke mapema: sikuwa nikimfurahisha. Nilisema nilichokihisi, na ningekisema hata mbele ya mwalimu mkuu.

Sasa, Anko alikuwa na haja moja kubwa mwaka huo. Kulikuwa na kiwanja kitupu kando ya barabara pale Kinoo, na alitaka kukikodi afungue gereji yake mwenyewe. Mwenye kiwanja hakutaka kumpa kijana asiye na mtu mzima wa kumsemea. Mtu huyo mzima angekuwa Baba, na Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa tai na suruali iliyopigwa pasi, asiyeamini kitu kisicho na muhuri. Alikuwa amemjibu waziwazi kwamba atamsemea siku kazi yake itakaposemewa na watu wengine. Kwa hiyo Jumapili ile, wanaume waliposimama nje ya kanisa na vikombe vya chai, Anko aliwaeleza habari za paipu yake akimtupia Baba jicho kila baada ya sentensi. Wengi wao walikuwa na magari ya turbo kama lake, maana siku hizo upande wetu yalikuwa yameenea kama sare ya shule. Walimtania. Walisema hajaonekana fundi anayekashifu kazi yake mwenyewe. Anko akageuka, akaniona nimeshika mandazi.

"Basi muulizeni huyu mtoto."

Aliyeniinamia ni Baba Nekesa, jirani yetu kutoka Bungoma, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti iliyotoka chini ya tumbo. "Eti Mwende, ni ukweli?"

"Ni ukweli. Kitambo haikuwa inanisukuma. Sasa inanisukuma."

Walicheka wote, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa cha kukubali. "Mtoto hana kitu anauza hapa," Baba Nekesa akasema, na Jumamosi iliyofuata gari lake lilikuwa Kinoo limefunguliwa boneti. Wengine wakafuata, kila mmoja akirudi na mluzi wake. Wakanishukuru kwa soda na biskuti. Nilitembea kidevu juu mtaani, mtaalamu wa mgongo. Mwisho wa Agosti Baba alivaa tai yake ya kazini ingawa ilikuwa Jumamosi, akaenda Kinoo kumsemea shemeji yake, na Anko akapata kiwanja.

Halafu baridi ikaisha. Septemba ilikuja na jua lake, Oktoba ikazidi, na wale wanaume wakaanza kurudi. Baba Nekesa ndiye aliyetangulia. "Kioko, hii gari imelala. Imerudi tu vile ilikuwa, na inapiga kelele ni kama inaenda mahali." Anko alikaza, akafungua, akasafisha chujio, akakaza tena. Alikuwa akirudi nyumbani jioni bila hadithi, akaacha chakula nusu. Siku moja mchana, jua likiwa kali, alinichukua tukapanda mlima ule ule. Akakanyaga. Mluzi ukapanda kama kawaida, na mimi nikausubiri mgongo wangu uniambie kitu.

"Umeskia?"

Nilitamani sana kusema ndiyo. "Sijaskia, Anko."

Wiki iliyofuata alinipeleka naye Parklands, kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya hekalu, yenye mashine ambayo gari hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma likakimbia bila kwenda popote, nguvu yake ikichorwa mstari kwenye kioo. Walipima na paipu. Kisha Anko akarudisha sanduku jeusi kwa mikono yake mwenyewe, wakapima tena. Mistari miwili ililaliana, ule wa sanduku ukiwa juu kidogo tu. Mwenye mashine, kijana mpole wa Kihindi, hakumcheka. Alimweleza kwamba turbo yenyewe huipasha hewa moto inapoisukuma, na ndiyo maana mbele ya gari pana rejeta ndogo ya kuipoza kabla haijaingia injini. Na kwamba lile sanduku tangu kiwandani huvuta hewa ya nje, si ya injini. Paipu kama hiyo ingesaidia gari lililobadilishwa mambo mengine mengi, turbo kubwa zaidi na kompyuta iliyopangwa upya. Kwa gari la kwenda kazini na kanisani, mtu hupata sauti tu.

"Na ile nguvu ya Julai?" Anko akauliza.

"Boss, Julai kila turbo ya Nairobi iko na nguvu. Ni baridi."

Tulipokuwa tukirudi alikuwa akiendesha polepole, gari limenyamaza. Nilimuuliza kama mgongo wangu ulidanganya. "Mgongo yako iko sawa," akasema. "Ni mimi nilisahau ni Julai."

Aliamua kuwaambia ukweli wote Jumapili. Nilimsikia asubuhi akijizoeza maneno huku akinyoa ndevu: kwanza mashine, halafu rejeta ndogo, halafu baridi. Lakini nje ya kanisa hakufika hata kwenye rejeta. Waliposikia kwamba paipu haiongezi chochote, sauti zikapanda. Baba Nekesa alikuwa amejisifu nayo kwa watu wengi, na mtu aliyeaibika ni mgumu kumweleza habari za hali ya hewa. Akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Na huyu? Si wewe ndio ulituambia, hapa hapa? Ulikuwa unatudanganya kanisani?"

Kila mtu alinitazama. Mwalimu wangu wa Sunday School alinitazama. Mama aliweka kikombe chini. Nilifungua mdomo yakatoka machozi badala ya maneno, ndipo Anko akasimama kati yangu na wao.

"Mwacheni mtoto. Ni mimi nilimfundisha aseme hivyo."

Hakunifundisha. Hakuwahi kunifundisha neno hata moja. Nilimshika koti nikapiga kelele, "Hajanifundisha! Niliskia mwenyewe!" Nilidhani nikilia kwa nguvu zaidi wataniamini zaidi. Hasira ziliwatoka usoni wakaanza kunihurumia, na mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ona venye amemfunza akafunzika." Nikazidi kukana, nao wakazidi kutikisa vichwa. Baba alinishika mkono tukaenda nyumbani kwa miguu. Wiki hiyo alirudi Kinoo kuondoa neno lake. Anko alibeba sanduku lake la vifaa akaenda Machakos kabla ya Krismasi, na kiwanja kikachukuliwa na muuza matofali.

Siku hizi kijana akitaka kujua kama paipu ya aina hiyo ina faida kwa gari la turbo, atatazama kwenye simu mtu akipima paipu baada ya paipu, atabishana na wasiojulikana, atalala akiwa amejua. Hakuna atakayemwita mtoto aliyeshika mandazi. Mimi ninakagua magari kwa ajili ya bima, ofisini katikati ya jiji, na watu wasionijua wanauamini mkono wangu. Wateja wenye turbo nawaambia waache sanduku la kiwandani mahali pake, na wakitaka sauti ya kujisifia, wajisifie redio yao. Wananishukuru, na ninaona aibu kila wanaponishukuru, kwa sababu mimi nilibaki na jina zuri na Anko hana. Anatengeneza pampu za visima na pikipiki. Hajalala njaa, anajenga. Hilo halinipunguzii kitu. Niliwahi kumuuliza kwenye simu kwa nini hakusema tu kwamba mtoto amekosea. "Hawangesema umekosea," akanijibu. "Wangesema umedanganya, na wewe ungebaki na hao watu. Mimi ningehama."

Mwaka jana Mama alifanya ibada ya shukrani pale Uthiru, na Anko akaja. Tuliketi meza moja na Baba Nekesa, ambaye sasa anatembea na mkongojo lakini sauti haijapungua. Alinisifu mbele ya wote. Alisema kazi yangu inataka mtu mkweli, na kwamba nimshukuru Mungu kwa kuwa yule mjomba hakufaulu kuniharibu. Anko alikuwa upande wa pili wa meza, anapakua muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe ya kwao Machakos. Niliweka kijiko chini. Nikamweleza mzee kila kitu, kwa sauti yangu ya ofisini, taratibu: Julai, hewa nzito, rejeta ndogo, mistari miwili, na kwamba sikufundishwa na mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipapasa mkono kwa upendo wa kweli.

"Bado unamtetea," akasema. "Wewe ni mtoto wa maana sana."

Meza nzima ikakubali. Anko hakuinua macho. Alijaza sahani, akaipitisha juu ya glasi za watu mpaka ikafika mbele yangu.

"Kula, Mwende," akasema.

Nikala.