Honi ya Meli na Pamba za Obeid

Zeituni binti Farjala hakuogopa mtu Kisumu nzima. Wapagazi wa gati aliwakemea, na mchuuzi aliyemwibia kwenye kipimo aliumbuliwa mchana kweupe, soko zima likisikia. Lakini meli ikipiga honi, weee! Mama mzima alijikunja kando ya kitanda, kalowa jasho chapachapa, pumzi haipandi haishuki, na mguu wa kulia unawaka moto.

Mguu huo ulikuwa na kovu. Enzi za ubibi arusi wake, alikuwa akikaanga sambusa, meli ikapiga honi, akashtuka, karai la mafuta likampindukia. Kidonda kilipona zamani, honi ikabaki. Majirani walisema ana pepo. Mumewe Obeid, fundi cherehani mwenye huruma ya kupitiliza, hakubishana nao. Kila siku ya meli alifunga madirisha, akamziba mkewe masikio kwa pamba na kumkumbatia mpaka ipite. Miaka ikaenda hivyo.

Kisha ikaja habari kutoka Mwanza. Binti yao Safia alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa desturi angekuja kujifungulia kwa mama yake, lakini mkunga alikuwa amemkataza kusafiri. Mama ndiye aende, tena kwa meli.

"Mwanangu atazaa peke yake kwa sababu ya honi!" Zeituni alilia.

Obeid akampeleka kwa Daktari Manubhai, mwenye zahanati ndogo nyuma ya maduka ya Wahindi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, kuku wako unawaitaje?"

"Nagonga kopo, wanakuja mbio kula mtama."

"Ukigonga bila mtama?"

"Watakuja vilevile, wajinga wale! Nikizidi kuwadanganya ndipo watachoka."

"Basi mwili wako ni kuku hao. Ulisikia honi, ukaungua. Tangu hapo ukiisikia, mwili unangoja mafuta. Huna pepo wala wazimu. Hiyo ni hofu uliyojifunza, na unaweza kujifunza kuiacha."

"Mbona miaka yote haijaniacha?"

Daktari akamgeukia Obeid. "Pamba, Bwana. Hujamwacha aisikie honi mpaka mwisho, aone hakuna mafuta."

Obeid akanywea. "Kumbe ni mimi niliyekuwa nikiilisha hofu!"

Zeituni alikuwa amejiandaa kuitwa kichaa. Alihisi kifua kinafunguka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mume wangu, huruma yako ingeniua!"

Wakaanza kuizoea honi. Mara ya kwanza alikaa barazani bila pamba, akatetemeka, lakini hakukimbia, alikaa mpaka mwili ukatulia wenyewe. Meli iliyofuata ilimkuta njia ya sokoni, nyingine mlangoni mwa bandari. Moto wa mguu ukawa unapungua, ingawa haukwisha.

Siku ya safari walisimama pamoja juu ya meli, honi ikiwa juu ya vichwa vyao. Ikalia. Mguu ukawaka. Obeid akatia mkono mfukoni, kwani pamba alikuwa nayo bado, mkaidi yule.

"Usithubutu!" Zeituni akamkemea. Akashika chuma cha ukingo, akangoja. Moto ukapanda, ukasimama, ukashuka. Alhamdulillahi! Akainua uso akaipigia kelele honi, "Lia utakavyo! Mafuta hakuna!"

Abiria wakageuka kumtazama. Obeid akatoa ile pamba, akajifutia machozi.